Redick na Lakers: msimu wa kwanza umeisha, mashabiki tumegawanyika

#1 · MtazamajiWaAlfajiri (mleta uzi) · 1 Mei 2025

Wakuu, heri ya Mei Mosi.

Leo wengi mko mapumzikoni, na wale wa Lakers, timu ya kikapu ya Los Angeles, mnajua siku ilivyotuanza. Mechi ya tano ilipulizwa filimbi saa 11 alfajiri kwa saa zetu, na watu wa maandamano walipokuwa wanavaa fulana zao, Minnesota walikuwa wameshatutoa. 103-96, nyumbani kwetu Crypto.com Arena, jumla 4-1, raundi ya kwanza ya mtoano.

Tangu asubuhi kwenye magrupu ya WhatsApp kuna kambi mbili. Moja inasema kocha wetu JJ Redick ni mchambuzi wa televisheni aliyepewa timu asiyoiweza. Nyingine inasema aachwe ajenge na anayemlaumu hajui kikapu. Nimeleta uzi huu kwa sababu naona zote mbili zinaruka mambo ya msingi. Mimi namuunga mkono Redick, nataka abaki, na papo hapo nina jambo moja ambalo siwezi kumfumbia macho. Nitalifikia.

Tukumbuke kwanza alitukuta wapi. Kocha wa kabla yake, Darvin Ham, alikaa misimu miwili. 2023 alitufikisha fainali ya Kanda ya Magharibi, Denver wakatufagia 4-0. 2024 Denver haohao wakatutoa raundi ya kwanza, 4-1, na mwezi Mei Ham akaonyeshwa mlango. Uongozi ukamfuata Dan Hurley wa Chuo cha Connecticut, aliyekuwa ametoka kutwaa ubingwa wa vyuo mara mbili mfululizo, akakataa. Ndipo Juni akapewa Redick mkataba wa miaka minne. Misimu 15 kwenye NBA kama mtupaji hatari wa pointi tatu, kisha kipaza sauti cha televisheni, kisha podikasti aliyoifanya pamoja na LeBron mwenyewe. Timu ya watu wazima hakuwahi kuifundisha.

Msimu ulivyoanza wengi tulishangilia mapema. Tulishinda tatu za kwanza, Minnesota, Phoenix na Sacramento, jambo ambalo Lakers hawakuwa wamelifanya tangu msimu wa 2010-11. Ile ya kwanza ndiyo LeBron na mwanawe Bronny waliingia uwanjani pamoja, baba na mtoto kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi. Novemba Dalton Knecht, mtoto wa drafti (mgawo wa kila mwaka wa wachezaji wapya), akawapiga Utah mitupo tisa ya pointi tatu na kufikia rekodi ya wageni wa ligi.

Halafu ikaja Desemba. Mechi mbili mfululizo: Minnesota 109-80, Miami 134-93. Ya Miami nilizima simu kabla robo ya nne haijaanza. Tulikuwa timu isiyokimbia kurudi nyuma na isiyogombea mpira uliodunda, na wachezaji walikuwa wanatazamana badala ya kuongea.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimheshimu huyu kocha. Mwisho wa Desemba D'Angelo Russell akaondoka, akaja Dorian Finney-Smith kutoka Brooklyn. Januari moto ukateketeza Pacific Palisades, na nyumba aliyokuwa anaishi Redick na familia yake ikaungua. Mechi zetu mbili zikaahirishwa. Ziliporejea, mtu asiye na nyumba alirudi kazini na timu yake ikaanza kulinda. Kuanzia katikati ya Januari hadi mwanzo wa Machi ulinzi wetu ulikuwa miongoni mwa bora kabisa kwenye ligi, na sehemu kubwa ya kipindi hicho hatukuwa na senta wa maana, yule mrefu wa kukaa chini ya pete.

Rudieni mechi za Februari mtazame hili kwa macho yenu. Senta wa wenzetu ana futi 7, anakabwa na Finney-Smith mwenye futi 6 na inchi 7. Finney-Smith hasimami nyuma yake kama mtoto anayesubiri kufunikwa. Anampita mbele, anaweka mkono kwenye njia ya pasi. Pasi ikirushwa juu, LeBron ameshaondoka kwa mtu wake na yuko chini ya pete kabla mpira haujatua. Mtu wa LeBron kabaki huru kule pembeni, lakini Reaves ameshaanza safari ya kwenda kwake. Watu watatu wanahama kwa sauti moja, na kila mmoja anajua wa nyuma yake anakwenda wapi. Kitu kama hicho kinatoka mazoezini, kinarudiwa na kurudiwa hadi mguu unajua wenyewe.

Na katikati ya hayo yote, Jumapili ile ya tarehe 2 Februari. Saa mbili asubuhi huku kwetu, watu wanajiandaa kwenda kanisani, habari inadondoka kwamba Anthony Davis anakwenda Dallas na Luka Dončić anakuja Los Angeles. Wengi tulidhani akaunti ya mwandishi imedukuliwa. Kocha aliyekuwa amejenga timu kumzunguka Davis akalazimika kuijenga upya katikati ya safari, na bado akamaliza na ushindi 50 na vipigo 32, nafasi ya tatu Magharibi. Lakers walikuwa hawajafika 50 tangu msimu wa ubingwa wa 2019-20.

Sasa jambo lenyewe. Mechi ya nne, Jumapili iliyopita, Minneapolis. Redick aliwaanzisha kipindi cha pili LeBron, Luka, Reaves, Hachimura na Finney-Smith, na hakumtoa hata mmoja hadi filimbi ya mwisho. Dakika 24, watu watano, hakuna sub. Robo ya tatu tuliwakimbiza, tukaingia robo ya nne tukiongoza 94-84. Robo ya nne tukafunga 19, wao 32. Tukalala 116-113.

LeBron ana miaka 40. Alicheza dakika 46.

Sitaki kusikia kwamba ni bahati mbaya. Huo ulikuwa uamuzi, na nataka tuujadili huo pamoja na yale mazuri, bila kuficha kimojawapo.

Karibuni.

#2 · KonaTatu

Mkuu, umemwandikia wasifu mzuri sana, lakini umelainisha pale pabaya.

Kocha asiyeamini benchi lake kwa dakika mbili, mbili tu, kwenye mechi inayoamua msimu, ametuambia kitu kuhusu miezi sita iliyopita. Benchi linajengwa Novemba. Gabe Vincent alikuwa naye msimu mzima, Jarred Vanderbilt alirudi kutoka majeruhi Januari, Jordan Goodwin akaja Februari. Vanderbilt kwa ulinzi hashindwi kumsumbua Anthony Edwards kwa dakika tatu ili LeBron avute pumzi. Edwards akapiga pointi 43.

Halafu jana kabla ya mechi mwandishi anamuuliza kama huwa anawategemea wasaidizi wake kwenye mambo ya sub, anakasirika na kuondoka mkutanoni. Mimi swali lile niliona la haki kabisa. Mashabiki tumelipa vifurushi, tumekesha, tuna haki ya jibu.

Na senta? Jaxson Hayes ameanza mechi nne, dakika zake zikawa chache, mechi ya tano hakuingia kabisa. Rudy Gobert akajiokotea pointi 27 na ribaundi 24. Minnesota walitupa pointi tatu 47 wakaingiza 7. Saba! Ukiwa na timu inayokosa mara 40 kutoka nje na bado inakufunga, maana yake imekupiga chini ya pete usiku kucha. Kocha alikuwa na siku mbili za kutafuta dawa.

#3 · Mdau_Kinondoni

KonaTatu, dawa angeitoa wapi? Duka gani?

Hebu tukumbushane. Davis mwenyewe siku chache kabla hajauzwa alisema hadharani anataka timu ilete senta mwingine, ili yeye acheze namba nne badala ya usenta. Wakamuuza yeye. Kisha meneja mkuu wetu Rob Pelinka akafanya biashara na Charlotte amlete Mark Williams, akamtoa Knecht, Cam Reddish na drafti ya raundi ya kwanza. Vipimo vya afya vikakataa, biashara ikafutwa, na dirisha lilikuwa limeshafungwa. Redick akabaki na Hayes na kikosi cha mawinga. Maxi Kleber aliyekuja na Luka alikuwa na mguu mbovu, mechi yake ya kwanza na Lakers ni hiyo ya jana.

Kwa hiyo unamlaumu mpishi kwa chakula kisicho na nyama wakati sokoni alikwenda mtu mwingine.

Ushindi 50 bila senta. Nafasi ya tatu kwenye Magharibi hii. Denver waliotutesa miaka miwili tuliwafuata kwao Februari tukawapiga 123-100. Kama si maendeleo ni nini?

#4 · MbwaMwitu_MN

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, naishi Brooklyn Park nje kidogo ya Minneapolis, na timu yangu ni Wolves, hao Minnesota waliowatoa. Nimepita tu kuwaambia kitu tulichokiona sisi tuliokuwa Target Center Jumapili, bila kuwadharau.

Robo ya tatu tuliogopa kweli. Luka alikuwa anafanya anavyotaka, uwanja ulinyamaza. Lakini nilikuwa nimekaa na rafiki yangu aliyecheza ligi ya vyuo Nairobi, na yeye ndiye aliyeanza kuhesabu. Akaniambia, "Hawa hawabadilishi watu." Kila taim-auti tunaangalia, wanarudi walewale. Kufika katikati ya robo ya nne kila mtu pale juu alikuwa amejua. Edwards na Jaden McDaniels walikuwa wanakwenda moja kwa moja kwenye pete, hawahangaiki tena na mitupo ya mbali, kwa sababu wa kuwazuia walikuwa wamechelewa hatua moja. McDaniels ndiye aliyetupa uongozi zikibaki kama sekunde 40, kwa kikapu na mtupo huru.

Kumbukeni pia kwamba kocha wetu Chris Finch ana watu kama Naz Reid na Donte DiVincenzo wanaotoka benchi. Mechi ya kwanza Naz aliwapiga 23. Nyinyi hamna mtu wa aina hiyo kwenye benchi, na hilo si kosa la kocha wenu peke yake. Lakini mtu kama Vincent kumpa dakika tatu Reaves apumzike haihitaji nyota.

Binafsi nadhani Redick atakuwa kocha mzuri sana. Nilifurahi tu kwamba hajawa bado.

#5 · MtazamajiWaAlfajiri (mleta uzi)

MbwaMwitu, asante kwa uungwana, na hongereni. Maelezo yako yana uzito kuliko takwimu kumi.

KonaTatu, kuhusu benchi kujengwa Novemba, hapo nakuunga mkono nusu. Benchi la Novemba halikuwepo tena Aprili. Russell kaondoka, Max Christie kaenda Dallas na Davis, Knecht aliuzwa akarudishwa, na mtoto wa watu akishajua timu ilitaka kumtoa, kujiamini kunapungua. Hayo hayakuwa mikononi mwa kocha.

Lakini Mdau, na wewe usimwondoe Redick kwenye lawama kwa kumsukumia Pelinka kila kitu. Nani ajengewe kikosi, hiyo ni ya Pelinka. Nani acheze dakika ya 40 ya mechi ya nne, hiyo ni ya kocha. Ukiwa na watu watano unaowaamini na wanne usiowaamini, kazi yako kama kocha ni kuwaiba dakika wale wanne: moja hapa, moja na nusu pale, ukiita taim-auti katikati ili pumziko liwe refu. Redick hakujaribu hata kuiba. Alicheza kamari na pumzi za watu.

Na mtu aliyetupa pointi tatu kwa miaka 15 anajua kuliko sisi sote kwamba mtupo unaanzia miguuni.

#6 · MwalimuWaKikapu_Mwanza

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Nafundisha kikapu wasichana wa sekondari huku Kanda ya Ziwa, na mimi mwenyewe nimecheza mashindano ya mkoa. Nisemee hilo la miguu, maana ndilo ninalolishughulikia kila siku.

Mchezaji akichoka, kitu cha kwanza kupotea si mbio. Mbio atakimbia, hasa akiwa na sifa. Kinachopotea ni kuinama. Anaanza kulinda akiwa amesimama wima, magoti yamenyooka, na mtu aliyesimama wima hawezi kusogea pembeni kwa haraka, kwa hiyo anatumia mikono na faulo zinaingia. Cha pili ni mdomo. Wale wanaoitana kwenye ulinzi wananyamaza, kwa sababu kuongea kunakula pumzi. Cha tatu ndiyo mtupo unakuwa mfupi na kugonga mdomo wa pete. Mimi nikisikia timu yangu imenyamaza tu, natoa mtu, hata kama tunaongoza.

Sasa ulinzi wa Lakers mliousifia hapo juu, ule wa watatu kuhama kwa sauti moja, ndio unaoumia zaidi na uchovu kuliko ulinzi wowote. Timu yenye mrefu mmoja chini ya pete inaweza kuchoka na bado mrefu akasimama pale akaziba. Timu inayolinda kwa kuhamahama ikichoka haina kitu cha kuegemea. Kwa hiyo, uamuzi wa kutofanya sub ulikata mguu uleule aliokuwa anausimamia. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu yeye ndiye aliyeujenga huo ulinzi na alikuwa anaujua kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Hata hivyo nampenda. Wachezaji wangu nimewaonyesha video za Lakers za Februari zaidi ya za timu nyingine yoyote.

#7 · Lushi_Basket

Jambo kwenu wote, niko Lubumbashi.

Muna muongea Redick sawa vile kocha wa kwanza kutoka kwa mikrofoni. Pat Riley alikuwa mtangazaji wa mechi za Lakers hawahawa mbele ya kuwa msaidizi, na 1982 akachukua ubingwa akiwa kocha mkuu. Steve Kerr alitoka televisheni, 2014 Golden State wakamupatia timu, mwaka wa kwanza ushindi 67 na kombe. Mutu asiseme mikrofoni ni kilema.

#8 · KonaTatu

Na Steve Nash? Brooklyn walimpa timu 2020 bila uzoefu, akiwa na Durant na Kyrie, kisha Harden akaongezwa. Boston wakamfagia 2022, Novemba ya mwaka huohuo akaondoka. Derek Fisher alitoka uwanjani moja kwa moja hadi ukocha wa Knicks, msimu wa kwanza ushindi 17, vipigo 65. Kwa kila Kerr kuna Fisher.

Riley naye alikaa kwanza kwenye kiti cha msaidizi chini ya kocha Westhead. Alipanda ngazi. Redick karuka ngazi zote.

#9 · MtazamajiWaAlfajiri (mleta uzi)

Mifano ya pande zote ni ya kweli, na kwangu haituvushi. Kerr alikuta timu iliyoshinda 51 mwaka uliotangulia, ikiwa na Curry, Thompson na Green wanaopanda. Fisher alikuta magofu. Redick alikuta kitu cha katikati, kikabadilika tena Februari. Tumpime kwa alichokigusa.

Alichokigusa: LeBron wa miaka 40 akilinda kwa juhudi ambayo hatukuiona miaka miwili ya nyuma. Reaves, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, akamaliza na wastani wa pointi 20.2. Luka aliyekuja akiwa na jeraha la kigimbi cha mguu na moyo uliovunjika, mwezi Aprili akarudi Dallas, akaonyeshwa video ya kumuaga, akalia mbele ya watu wote, kisha akapiga 45. Kocha asiyejua kuishi na wachezaji hapati hayo.

Alichokosea: Mwalimu wa Mwanza amelieleza kuliko nilivyoweza. Mechi ya nne.

Na kuna la tatu, lisilo zuri wala baya bado. Baada ya kutolewa amesema wazi kwamba baadhi ya wachezaji hawakuwa na utimamu wa mwili unaotakiwa. Kila mtu anajua anamgusa nani. Kusema hivyo hadharani, kwenye klabu ambayo nyota ndio wafalme, kunahitaji ujasiri. Ila wachezaji nao watauliza, utimamu gani unaostahimili dakika 24 bila kupumzika? Wakishaaminiana, swali hilo litaulizwa ndani ya chumba na kujibiwa. Wasipoaminiana litatoka nje.

#10 · Mdau_Kinondoni · Julai 2025

Nafufua uzi. Mambo yamesogea, wakuu.

LeBron amechukua mwaka wake wa mwisho wa mkataba. Deandre Ayton amevunja mkataba na Portland na anakuja kwetu, senta wa futi 7, namba moja ya drafti ya 2018, ileile ambayo Luka alikuwa wa tatu. Marcus Smart naye katoka Washington, mchezaji bora wa ulinzi wa 2022. Jake LaRavia kutoka Sacramento. Na klabu yenyewe inauzwa kwa Mark Walter kwa thamani inayotajwa kuwa dola bilioni 10, baada ya familia ya Buss kuishika tangu 1979.

Nyama imefika jikoni. KonaTatu uko wapi?

#11 · KonaTatu

Nipo. Mbona umeruka habari moja? Finney-Smith amekwenda Houston.

Yule aliyekuwa anampita senta mbele na kuweka mkono kwenye njia ya pasi ndiye aliyeondoka. Ayton ni mrefu, anafunga vizuri, alicheza fainali na Phoenix 2021. Lakini Ayton ni mtu ambaye usiku anaotaka kucheza ni hatari, na usiku asiotaka hata ribaundi zinampita kichwani. Portland hawakumwachia bure bila sababu. Sasa ndiyo tutamjua Redick. Mtu mwenye bidii yeyote anaweza kumfundisha Finney-Smith. Kumfanya Ayton akimbie kurudi nyuma Januari, ugenini, mechi ya pili ndani ya siku mbili, hiyo ndiyo kazi.

#12 · MwalimuWaKikapu_Mwanza

KonaTatu hapo umeongea. Na niongeze: kwa kuwa sasa kuna mrefu, Redick atashawishika kubadili ulinzi, Ayton abaki chini na wengine wasimame. Asiuache kabisa ule wa kuhamahama. Atumie vyote viwili, na huo ndio utakaompa sababu ya kuwaamini wa benchi, maana kila ulinzi una watu wake. Vanderbilt na Smart wakiwa pamoja na Hayes ni kundi linaloweza kucheza dakika tano za vurugu robo ya pili, nyota wakakaa.

#13 · MtazamajiWaAlfajiri (mleta uzi) · Septemba 2025

Wakuu, nimerudi kwa sababu ya habari ya leo. Lakers wamemwongezea Redick mkataba, msimu mmoja tu baada ya kumwajiri. Luka naye alishasaini Agosti, miaka mitatu, dola milioni 165, na picha zake za kiangazi zinaonyesha mtu aliyepungua mwili kweli.

Nimefurahi. Niliandika Mei kwamba nataka abaki, na naona uongozi umefanya jambo ambalo klabu hii ilisahau kulifanya. Frank Vogel alitupa kombe 2020, 2022 akafukuzwa. Ham alitupeleka fainali ya Magharibi, mwaka mmoja baadaye akafukuzwa. Makocha walikuwa wanaishi na mabegi mlangoni, na mchezaji akijua kocha ni mpita njia hamsikilizi mambo ya kuinama na kuongea kwenye ulinzi. Sasa Luka anajua atakuwa na mtu huyuhuyu.

Lakini mkataba mpya unaondoa kisingizio pia. Msimu ujao hakuna atakayesema ni mgeni, hakuna atakayesema hana senta. Mimi nitakachokitazama mwezi Novemba na Desemba, mechi zile za katikati ya wiki ambazo hakuna anayezikumbuka, ni dakika za kuanzia mwisho wa robo ya tatu hadi mwanzo wa robo ya nne. Nani yuko uwanjani wakati Luka na LeBron wamekaa? Je, wanaachwa pale hata wakipoteza pointi nne, au kocha anaogopa na kuwarudisha nyota haraka? Nitakuwa naandika hapa kila baada ya mechi ninayoitazama. Walioamka nami alfajiri waongezee walichokiona, hasa Mwalimu.

MbwaMwitu, na wewe njoo. Tunakutana tena na Wolves.

#14 · MbwaMwitu_MN

Nitakuja. Naz bado yupo, na Edwards ana miaka 24 tu.

#15 · MwalimuWaKikapu_Mwanza

Nipo, Mungu akipenda. Swali langu la kwanza kwa mleta uzi liko palepale, tuanze nalo msimu ukifunguliwa: Finney-Smith hayupo, Smart ana futi 6 na inchi 3 tu, LeBron anaelekea 41. Pasi ikirushwa juu kwa mrefu wa wenzetu na Ayton amekaa benchi, safari hii nani anasogea chini ya pete?